Kilishio Kisichomwaga

Tukuyu, 14 Machi 1992

Kwako mke wangu mdogo Safina,

Ugonile? Najua huko Dar mmeshaacha kuamkiana hivyo, lakini mimi babu yako nakuamkia Kinyakyusa nikitaka, na Kiswahili nikitaka, maana lugha zote mbili hazinidai kitu. Swaumu inakwenda vizuri, ila ikifika alasiri nawachukia watu wote, hata wale nisiowajua.

Mke mwenzio Mwanabibi, bibi yako, hajambo. Sukari inampanda na kumshuka kama lori la Kiwira mlimani, lakini dawa unazotuma anameza. Miguu ndiyo imelala. Juzi kaa la moto liliruka jikoni likamkalia kidoleni, mimi nikasikia harufu kabla yeye hajasikia chochote. Alicheka. Mimi sikucheka, nawe unanijua kwa kucheka.

Kazi imekufa. Tangu biashara ifunguliwe, mpaka wa Tunduma unatumwagia ndoo za plastiki za rangi zote. Nani atanunua ndoo ya bati ya Mzee Anwari, ambayo ina rangi moja tu nayo ni kutu? Koroboi nazo wamezitupa. Nimekaa na mkasi wangu wa bati kama kinyozi kwenye mji wa vipara.

Sasa shida yangu. Wale kuku weupe uliotuletea wanataga, hatuna neno. Lakini kula kwao! Nawawekea pumba kwenye karai, mmoja anaingia na miguu yote miwili, anaparura kama amepoteza hirizi humo. Nusu inaingia tumboni, nusu inakwenda chini. Ile ya chini inaliwa na panya. Panya wa bandani kwetu wamenenepa hivi kwamba paka wa jirani yetu Tupokigwe akipita anawapa shikamoo.

Wewe unafanya kazi kwenye shamba la kuku. Niambie wenzetu wanalishia kitu gani kisichomwaga. Ukinichorea, nitakitengeneza. Darasa la nne niliishia njiani, lakini picha naisoma.

Mumeo asiye na meno ya mbele,
Anwari


Mbezi, Dar es Salaam, 11 Aprili 1992

Mume wangu mzee, shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye foleni ya maji, nikacheka watu wakajitenga nami. Idi kwangu ilikuwa pilau ya jirani na usingizi. Mpe Bibi salamu, mwambie mke mwenzake anasema asikae tena karibu na jiko bila viatu. Sitanii, Babu. Mtu ambaye miguu haisikii anatakiwa aitazame kwa macho kila siku.

Nimekuchorea mitindo mitatu ya vilishio nyuma ya karatasi hii. Wa kwanza ni mrefu kama mtumbwi, juu yake una mti unaozunguka, kuku akiukanyaga unamwangusha. Wa pili unaning'inia: kopo refu, matundu chini, na sahani ambayo ukingo wake umekunjwa kwa ndani. Huo utundike usawa wa mgongo wa kuku, siyo chini ya hapo, na usijaze sahani, theluthi tu inatosha. Wa tatu una kibao, kuku akikikanyaga mfuniko unafunguka, akitoka unajifunga. Huo ndio usiomwaga kabisa, lakini unahitaji kuku wenye akili, na mimi hao wa kwako nawafahamu.

Sasa nisikilize. Hao panya umewalea wewe kwa karai lako. Siku utakapowakatia chakula bandani hawatakufa kwa adabu, watahama. Kwa hiyo pipa kwanza, kilishio baadaye. Lile pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana, lililokaa nyuma ya nyumba tangu nikiwa mdogo, lioshe, tia pumba na mahindi yote humo, funga. Lisibaki gunia hata moja nje. Ukifanya nusu tu ya kazi hii, ni afadhali usiifanye.

Dawa za Bibi nimempa Ahmadi, kondakta wa basi.

Mkeo asiye na subira,
Safina


Tukuyu, 24 Mei 1992

Mke wangu mdogo mwenye amri nyingi,

Salamu za Bibi yako zimetangulia, za kwangu zinakuja nyuma zikichechemea. Mvua bado inanyesha, ukungu unaingia hadi mezani na kukaa kama mgeni. Tupokigwe amepata mjukuu, amekataa kumwita jina langu. Nimemwambia atajuta.

Kilishio! Mtoto wewe, mimi nimerudi kazini!

Nilianza na ule mtumbwi. Kuku wa kwanza kuurukia, mti ukazunguka, akaenda chini kifudifudi. Bibi yako alicheka hadi akakaa kwenye matope. Lakini kwa mvua za hapa, kufikia saa nne asubuhi chakula kilikuwa uji. Nikaja kwa ule wa kibao. Kuku wamesimama wanakitazama kile kibao kutwa nzima kama wanakijiji wanaomngoja bwana shamba. Hakuna aliyekanyaga. Akili hawana, ulisema kweli.

Nikachagua wa kuning'inia, na hapo nikaongeza ufundi wangu. Ukingo nimeukunja ndani upana wa kidole. Ndani ya sahani nimechomelea vipande vya bati kama njiti za gurudumu la baiskeli, ili kuku asiweze kusukuma chakula kwa mdomo. Juu nimevika kofia ya mvua. Nilipiga magoti chini yake, mzee mzima, kutafuta punje. Hakuna. Chini pasafi kama pamefagiliwa.

Andongwisye wa Kisiba, yule mwenye ng'ombe wa maziwa, alipita akasimama.

"Mzee Anwari, kuku wako wamefunga swaumu? Mbona hawaparuri?"

"Wanakula kistaarabu," nikamwambia. "Wewe kwako bado wanakula kihuni?"

"Nitengenezee vinne."

Kesho yake akaja mwalimu kutoka Suma. Kisha mama mmoja wa Kiwira. Mlangoni kwangu kuna watu tena, Safina, wananiita fundi. Bibi yako anawapa chai na kujifanya amechoka nao. Usiniulize bati nimepata wapi, fundi bati haulizwi hilo. Na pipa lako usilihangaikie, pipa linafanya kazi.

Kitu kimoja tu. Panya wa bandani hawaonekani tena. Paka wa Tupokigwe alikaa pale mlangoni pa banda akitazama. Kisha akageuka, akakaa anaitazama nyumba yetu. Tangu juzi amekaa hivyo.

Fundi mkuu wa Rungwe nzima,
Anwari


Mbezi, 28 Juni 1992

Babu, shikamoo.

Hongera ya kazi. Nimefurahi kweli, na Bibi nimemwona kwenye matope kama nilikuwepo.

Samahani kwa Idi Kubwa. Najua mlinitazamia. Shughuli ziliingiliana, nitakueleza siku nyingine.

Sasa jibu haya, na usinizungushe. Gunia la pumba liko wapi? Hukuniambia limo ndani ya pipa, umeniambia pipa linafanya kazi. Kazi gani? Na panya wamekwenda wapi? Na miguu ya Bibi, anaitazama?

Mengine yote niandikie baadaye. Haya matatu niandikie sasa.

Safina


Tukuyu, 9 Agosti 1992

Mke wangu hakimu,

Barua yako ilifika nikiwa na kazi nyingi, ndiyo maana nimekawia. Baridi ya mwaka huu ni ya kumpa mtu talaka. Tumehamishia kila kitu chumbani tunakolala, kuna joto la jiko. Hata gunia la pumba liko uvunguni mwa kitanda, unyevu usiliozeshe, na wezi nao wasilione. Limejibiwa hilo.

Yule mama wa Kiwira amerudisha kilishio anasema kimepinda. Nimemwambia kilishio hakijapinda, banda lake ndilo limepinda. Tumecheka, amechukua na kingine.

Panya, basi, wako darini. Wanatembea kama watu waliovaa viatu. Wamekula sabuni, wamekula mshumaa, wamekula mkanda wa saa yangu iliyokufa. Tupokigwe ametuletea yule paka wake, akaingia, akanusa kitanda chetu, akatoka, wala hajarudi. Nimeweka mtego. Asubuhi chambo hakipo, mtego umefyatuka, na panya hayupo. Wamesoma kunishinda.

Ahmadi kaleta dawa. Safari hii chupa ilikuwa ikilia kama manyanga, vidonge vinatafutana humo ndani. Bibi yako anavikata nusu kwa wembe. Sisemi kitu, naeleza tu.

Yeye hajambo. Amepumzika. Hatoki sana. Soksi zile za sufu ulizomletea zimetoboka kisiginoni, zote mbili, nilimtania kwamba anacheza dansi nikilala. Amezishona. Zikatoboka tena palepale.

Wewe huko una mwanaume, ndiyo maana huji. Mlete nimkague meno.

Mumeo,
Anwari


Mbezi, 19 Agosti 1992

Babu,

Sikuamkii wala sitanii.

Soksi hazitoboki zenyewe kisiginoni mtu akiwa kitandani. Panya anang'ata huku anapuliza, wewe mwenyewe ulitusimulia tulipokuwa watoto ili tuoshe miguu kabla ya kulala. Mtu mzima hatimaye husikia, hurusha teke. Bibi hasikii. Babu, Bibi hasikii! Wanaweza kumla na yeye akaamka akasema hajambo.

Mvue soksi mchana, mlangoni, kwenye mwanga. Mwangalie nyayo zote mbili, na katikati ya vidole. Ukiona kidonda, hata kidogo, hata kama hakiumi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kutouma ndiyo ubaya wenyewe. Gunia litoe chumbani leo, limwage mtoni ikibidi.

Na pipa, Babu. Najua ulilolifanyia. Nilijua tangu ulipoandika nisiulize bati limetoka wapi.

Kuhusu mimi kuja, usiniulize.

Safina


Tukuyu, hospitali, 13 Septemba 1992

Safina,

Nakuandikia kwenye benchi, karatasi iko juu ya goti, usicheke mwandiko.

Barua yako ilifika mapema. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya msahafu. Gunia nililitoa. Pipa haliwezi kurudi, liko Kisiba na Suma na Kiwira, linalisha kuku wa watu. Lakini soksi sikumvua. Nilimtazama anavyopita na soksi zake, nikasema anatembea, mtu anayetembea ana nini. Nikamtazama hivyo Jumatatu, nikamtazama Jumanne, hadi Tupokigwe alipoingia kusalimia akasimama mlangoni akashika pua.

"Mzee, humu ndani kuna kitu kimekufa."

"Panya," nikasema. "Nimetega."

Akaniangalia. Akamwangalia Mwanabibi. Akamkalisha mlangoni, akamvua soksi yeye mwenyewe.

Mguu wa kulia una mikwaruzo. Wa kushoto kisigino hakipo. Sijui nikueleze vipi. Siyo kwamba kuna kidonda kwenye kisigino. Walikuwa wakirudi, Safina, walikuwa wakirudi palepale, na mimi nimelala pembeni yake nakoroma.

Bibi yako akauliza, "Mnatazama nini nyie?"

Nikasema, "Tunatazama kisigino."

"Kina nini?"

Nikatoka kutafuta gari la hospitali.

Daktari ni kijana, mpole. Anasema weusi umepanda, unapanda kila siku, wakate chini ya goti au tumkose yeye mzima. Mwanabibi amekataa. Amemwambia, "Mwanangu, nimekuja na miwili, nitaondoka na miwili." Kisha akanigeukia akasema, "Mwandikie mke mwenzangu. Akisema nikubali, nitakubali. Wewe sikuamini tena."

Kwa hiyo ni wewe. Ukiweza njoo. Usipoweza, usitaje sababu, tuma neno tu.

Anwari


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM, 21 SEPTEMBA 1992
BIBI KUBALI. NAKUJA. WASIKATE MPAKA NIFIKE NIMSHIKE MKONO. SAFINA.


Tukuyu, 23 Septemba 1992

Safina mke wangu,

Barua hii nimempa Ahmadi akupe mkononi stendi ya Mbeya, uisome kabla hujapanda gari la huku. Sitaki uingie wodini ukakutana na shuka lililolala tambarare.

Simu yako imefika leo. Wamekata juzi. Homa ilikuwa imepanda, akaanza kumwita marehemu mama yake na kumuuliza kama ugali umeiva. Daktari akasema kungoja hakuna. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Safina amesema ukubali." Hukuwa umesema bado. Akasema, "Basi na iwe." Kwa hiyo ulichosema kwenye simu ulikuwa umeshakisema, na mimi nikikutana na Mola wangu nitamweleza hivyohivyo.

Yupo. Anakunywa uji. Lakini yapo mengine ya kukwambia, na ni afadhali uyasikie kwangu.

Walinipa mguu. Nilidhani wanautupa, shehe akasema la, kiungo cha Muislamu kinazikwa, hakiswaliwi, kinafunikwa tu na kuzikwa. Akanipa kitambaa cheupe. Nikaufunga, nikaupakata, nikatoka nao kwa miguu maana gari la kubeba kitu kama kile ningemwambia nini dereva. Safina, unajua unavyoonekana? Unaonekana kama kitoto kichanga. Nimeshuka nao barabara kuu, watu wanasimama. Wanaume wanavua kofia. Wauza ndizi wamekaa chini wote kwa pamoja, kama wanavyoheshimu msiba. Mama mmoja nisiyemjua akanifuata nyuma analia, akaniuliza, "Mzee, pole, ni wa nani?"

Nikamwambia, "Wa Mwanabibi."

"Uzee huu!" akasema, akalia zaidi.

Siku nyingine ningemtuma aende akatangaze mji mzima kwamba mke wa Anwari amezaa. Nilitembea tu. Andongwisye nilimkuta makaburini na jembe, sijui nani alimwambia. Amechimba yeye. Hakuuliza, na vilishio vyake hakuvitaja, na mimi sikumtazama.

Niliporudi wodini Bibi yako alikuwa macho.

"Umeuzika wapi?"

"Kwa Waislamu wenzake," nikasema, "karibu na ua wa nyuma."

"Umeelekeza kibla?"

"Nimeelekeza."

"Umeacha nafasi pembeni?"

Nikamuuliza ya nini. Akanitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu rahisi. Akasema, "Ya mimi, mzee. Usije ukanilaza mbali nao nikaanza kuutafuta."

Na lako nalijua. Ahmadi aliniambia tangu mwezi wa saba kwamba lile shamba la kuku limefungwa, kuku walikufa wote kwa ugonjwa wa mdondo, na kwamba unashonea watu nguo barazani na dawa za Bibi unanunua kidogokidogo. Nilijua nikanyamaza, ukajua la pipa ukanyamaza, tukamwacha yeye katikati na soksi zake. Tusilizungumze mbele yake. Tukibaki wawili tutalizungumza, au hatutalizungumza.

Leo asubuhi daktari alikuja kuufungua ule wa kulia, wenye mikwaruzo. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaubonyeza kidole kimoja kimoja, anamuuliza, "Unasikia hapa? Na hapa?" Mwanabibi anaitikia, "Nasikia, mwanangu," kwa adabu, kila alipoulizwa, hata pale alipokuwa ameshauachia na haushiki tena. Daktari akaufunika. Akaandika kitu. Akanitazama mimi, siyo yeye, akatoka.

Kwa hiyo ukifika usilie mlangoni. Ingia unaongea. Mwite mke mwenzio, mtukane kidogo, mwambie umekuja kuchukua nafasi yake kitandani, chochote. Anakungoja umchekeshe. Anza wewe, mjukuu wangu, maana mimi tangu juzi natafuta la kumwambia na sipati.

Babu yako,
Anwari